Mtoto mgonjwa zahanati: mpangilio wa kumpima, kuanzia kwenye benchi hadi siku ya marudio

Umepangiwa zahanati ya kijiji hapa Dodoma, tuseme Bahi, Chemba, au upande ule wa Chamwino unaoelekea Mtera. Jumatatu saa mbili asubuhi benchi limejaa. Mganga mfawidhi ameitwa kikao cha halmashauri, umebaki wewe muuguzi na mhudumu mmoja. Kila mama amekuja na neno lake: kikohozi, homa, tumbo. Mwongozo huu nimekuandikia wewe.

Ninachotaka ukishike ni kimoja: neno alilokuja nalo mama ni mlango wa kuingilia tu. Mtoto aliyeletwa kwa kikohozi anaweza kuwa na utapiamlo ambao hakuna aliyeutaja, na aliyeletwa kwa kuhara anaweza kuwa amepitwa na chanjo ya surua. Kwa hiyo kila mtoto wa miezi 2 hadi miaka 5 mpime kuanzia utosini hadi nyayoni, kwa mpangilio ule ule, foleni iwe fupi au ndefu. Mpangilio ninaoufuata ni wa IMCI, yaani mwongozo wa kumpima na kumtibu mtoto mgonjwa kwa ujumla wake. Chati yake iwe mezani kwako, na dozi ninazotaja hapa zihakiki humo kwanza, maana wizara huzifanyia marekebisho kila baada ya muda.

Hatua ya 1: Anza kwenye benchi

Kabla hujakaa kwenye kiti chako, pita mbele ya benchi. Dakika mbili zinatosha. Salimia kwa sauti; huku kwetu "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, inafungua nyuso za kina bibi kuliko kitu kingine chochote. Wakati wanaitikia, wewe unaangalia watoto. Anayelia kwa nguvu, anayeng'ang'ania kushuka chini, anayenyonya, hao wana muda. Unayemtafuta ni yule aliyetulia kupita kiasi.

Mwaka wangu wa kwanza kazini tulikuwa tunaita kwa namba za vikaratasi. Mama mmoja alikaa mwisho wa benchi, mtoto kamfunga mgongoni kwa kitenge, na kila nilipomwuliza alisema mtoto amelala. Ilipofika zamu yake ilikuwa karibu saa tano. Alipofungua kitenge, kichwa cha mtoto kilianguka upande kama cha mwanasesere. Alikuwa amepata degedege alfajiri. Tulimpa dozi za kwanza, tukampeleka hospitali, akapona, lakini anaburuta mguu wa kulia hadi leo. Namwona akienda shule. Tangu siku ile siamini neno "amelala" mpaka mtoto afunguliwe mgongoni, aitwe jina, na afumbue macho anitazame.

Kwa hiyo waombe akina mama wawashushe watoto mapajani wakiwa bado kwenye foleni. Aliye mlegevu, anayepumua kwa shida au anayetetemeka anaingia kwanza, bila kujali namba yake.

Hatua ya 2: Umri, uzito, joto, kadi

Umri ndio unaoamua dozi na namba za pumzi, kwa hiyo usikisie. Soma kadi ya kliniki. Kama kadi imepotea, uliza alizaliwa kipindi gani: wakati wa kupanda, wakati wa mavuno ya uwele, au karibu na sikukuu gani. Mpime uzito akiwa na nguo nyepesi kabisa, siyo na sweta mbili na kofia ya sufu. Weka alama kwenye chati ya ukuaji hapo hapo, uone mstari unapanda, umelala au unashuka. Mstari uliolala kwa miezi miwili mitatu umeshakupa habari ambayo mama hakuja nayo.

Hatua ya 3: Dalili za hatari

Maswali ni manne, na namna ya kuyauliza ni muhimu kama maswali yenyewe.

Je, anaweza kunywa au kunyonya? Usiridhike na "ndiyo". Mwambie mama amnyonyeshe mbele yako, au mpe maji kwa kijiko, uone anameza. Je, anatapika kila kitu? Maana yake hakuna kinachobaki tumboni kabisa. Kutapika mara moja baada ya uji hakuhesabiki. Je, amepata degedege katika ugonjwa huu? Hapa kuwa makini sana. Wengi wanaamini degedege si ugonjwa wa hospitali, na kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo ukitumia neno hilo watakataa. Uliza: "Mama, kuna wakati alikakamaa, akageuza macho, au akarusharusha mikono na miguu bila kujitambua?" Ndipo utakaposikia ukweli. Mwisho, je, ni mlegevu au hana fahamu? Piga makofi taratibu, mwite jina, uone kama anafuata kwa macho.

Dalili moja tu kati ya hizo inatosha kuwa rufaa ya haraka. Maliza kumpima upesi, mpe dozi za kwanza (nitazieleza kwenye hatua ya rufaa), na gari lianze kutafutwa wakati unaendelea. Anayekakamaa mbele yako mlaze ubavu, safisha njia ya hewa, mpe diazepamu kwa njia ya haja kubwa miligramu 0.5 kwa kila kilo, na fikiria sukari imeshuka.

Hatua ya 4: Kikohozi na pumzi

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea kwa haraka. Pumzi huhesabiwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Ukihesabu nusu dakika kisha ukazidisha mara mbili, umeshaharibu, kwa sababu mtoto hapumui kwa mpangilio sawa kama saa ya ukutani.

Fanya hivi. Mama akae, mtoto awe mapajani au anyonye. Mwambie mama apandishe blauzi ya mtoto hadi chini ya chuchu, polepole, ili asishtuke. Wewe usimguse. Weka simu yenye saa ya sekunde usawa wa tumbo la mtoto ili jicho lako lione vyote viwili. Chagua sehemu moja ya tumbo inayopanda na kushuka, hesabu kila inapopanda. Akianza kulia, acha, mtulize, anza upya kutoka moja.

Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka. Wa miezi 12 hadi 59, ni 40 au zaidi. Ukimaliza kuhesabu, usishushe blauzi bado: angalia mbavu za chini. Kama zinabonyea ndani anapovuta hewa, wakati mtoto mzima wa afya kifua hupanuka, hiyo ni nimonia pia. Sikiliza vilevile kama kuna mkoromo mkali anapovuta hewa akiwa ametulia. Mkoromo huo, au dalili yoyote ya hatari, ni nimonia kali, mpe rufaa. Kama kituo kina kipima oksijeni cha kidole na kinasoma chini ya asilimia 90, naye ni wa rufaa.

Nimonia isiyo na dalili za hatari hutibiwa nyumbani kwa amoksilini ya kuyeyuka ya miligramu 250, mara mbili kwa siku kwa siku 5: kidonge 1 kwa mtoto wa kilo 4 hadi chini ya 10, vidonge 2 kwa kilo 10 hadi chini ya 14, vidonge 3 kwa kilo 14 hadi 19. Anayebonyea kifua na ana VVU, au alizaliwa na mama mwenye VVU, huyo apewe rufaa. Dozi ya kwanza itolewe mbele yako na mama mwenyewe: kidonge kwenye kijiko, maji kidogo, kinayeyuka, mtoto anapewa. Mama aliyefanya kwa mkono wake hapa atafanya vivyo hivyo nyumbani.

Kikohozi bila pumzi za haraka na bila kubonyea kifua hakihitaji antibayotiki. Mpe mama kitu cha kufanya, la sivyo ataenda duka la dawa kununua. Maji ya uvuguvugu, chai yenye limau, na kwa aliyetimiza mwaka mmoja, asali. Huku kanda ya kati asali tunayo, ya Manyoni na Singida inafika hadi sokoni kwetu, lakini mtoto wa chini ya mwaka asipewe hata ya kulamba. Kikohozi cha siku 14 au zaidi kichunguzwe kifua kikuu, na uliza kama kuna mtu mzima nyumbani anayekohoa.

Halafu fungua kinywa cha mtoto uangalie kimeo. Mtoto mwenye kikohozi kisichoisha, au mchanga anayetapika, hupelekwa kwa fundi wa kukata kimeo, na wapo tunaowapokea wakivuja damu au na maambukizi. Ukikuta kimeo kizima, mwambie mama hapo hapo kwamba kimeo hakisababishi kikohozi, na kwamba akirudi na kikohozi kile kile wewe ndiye utakayemwona.

Hatua ya 5: Kuhara

Uliza ni siku ngapi, na kama kuna damu kwenye choo. Kisha tafuta upungufu wa maji kwa vitu vinne: hali yake (mlegevu, au anahangaika na kulialia), macho (yamedidimia? mama ndiye anayejua macho ya mwanawe yalivyokuwa jana), kiu (hawezi kunywa, au anang'ang'ania kikombe), na ngozi ya tumbo.

Ngozi ibanwe kati ya kitovu na ubavu, kwa kidole gumba na cha shahada, mkunjo ukielekea kichwani na miguuni, si kukatiza tumbo. Ibane sekunde moja, achia, angalia. Ikirudi polepole kupita sekunde 2, hali ni mbaya. Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali ngozi hurudi polepole hata kama hajapungukiwa maji, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Dalili mbili za upungufu mkali: dripu au rufaa ya haraka, huku akinyweshwa ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini) njiani kama anaweza kumeza. Dalili mbili za upungufu wa kiasi: abaki kituoni saa 4, apewe ORS mililita 75 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 8 ni mililita 600. Kijiko kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika 10, endelea polepole zaidi. Asiye na upungufu anarudi nyumbani na ORS: chini ya miaka 2 mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji, zaidi ya hapo 100 hadi 200.

Pakiti ya ORS ni ya lita moja. Chupa kubwa ya maji ya dukani ni lita moja na nusu, na nimeona mara nyingi pakiti moja ikimiminwa humo, dawa ikawa nyepesi. Wengine humimina nusu pakiti kwenye bilauri kwa kukisia. Kituoni weka chupa mbili tupu za nusu lita na jagi. Mama ajaze chupa zote mbili, azimimine kwenye jagi, aweke pakiti nzima, akoroge, aonje: ladha iwe kama ya machozi, isiwe na chumvi zaidi ya hapo. Vijiji vingi vyetu visima vina maji ya chumvi. Mwambie achanganye kwa yale maji yasiyo na chumvi wanayonunua au kuchota mbali kwa kunywa, yaliyochemshwa yakapoa. Ikifika kesho, iliyobaki imwagwe, achanganye nyingine.

Zinki ni kwa kila mtoto anayehara: nusu kidonge cha miligramu 20 kwa wa chini ya miezi 6, kidonge kizima kwa wa miezi 6 na kuendelea, siku 10 hadi 14. Mama ataacha siku ya tatu choo kikikauka. Mwambie zinki ni ya kumjenga mtoto ili asirudiwe, ndiyo maana inaendelea baada ya kuhara kuisha. Kuhara damu kuna antibayotiki yake kwenye chati, na kuhara kwa siku 14 au zaidi ni habari nyingine, mpime lishe na VVU.

Hatua ya 6: Homa

Dodoma ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo nchini, ukilinganisha na Kanda ya Ziwa au Pwani. Kwa hiyo hapa kwetu homa si malaria mpaka kipimo kiseme. Kila homa ipimwe mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, na kwenye skimu za mpunga za Bahi, utapata chanya zaidi; katikati ya kiangazi nyingi zitakuwa hasi. Kumbuka kwamba aliyemaliza dawa wiki mbili zilizopita anaweza kuonyesha chanya bado, kwa hiyo uliza kwanza.

Chanya bila dalili za hatari: ALu (dawa mseto ya malaria), kidonge 1 kwa kilo 5 hadi chini ya 15, vidonge 2 kwa kilo 15 hadi chini ya 25. Dozi ya kwanza kituoni, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, kila mara baada ya kunyonya au kula kitu chenye mafuta. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia.

Hasi ndipo kazi inapoanza. Usimwandikie ALu eti kwa usalama. Angalia shingo (imekakamaa?), utosi uliovimba, masikio, koo, ngozi, viungo, vidonda vya kichwani. Hesabu pumzi kama hukuzihesabu. Vipele mwili mzima pamoja na kikohozi, mafua au macho mekundu ni surua mpaka ithibitike vinginevyo: mpe vitamini A, na toa taarifa wilayani siku hiyo hiyo. Homa ya kila siku kwa zaidi ya siku 7 ni rufaa. Na kwa mtoto, hasa wa kike, ambaye homa yake haina chanzo unachokiona, pima mkojo.

Kuhusu lawalawa

Nimeitenga kwa sababu hutaikuta kwenye chati yoyote, na hapa Dodoma na Singida utaletewa. Bibi atakuja na mjukuu wa kike wa miezi sita na kusema mtoto ana lawalawa. Maana yake amemwona sehemu za siri zina uchafu, wekundu, harufu, au mtoto anajikuna na kulia akikojoa. Kinachosemwa mtaani ni kwamba dawa yake ni kukatwa. Sheria ya mwaka 1998 ilipiga marufuku kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18. Lakini ngariba huwafuata watoto wachanga kwa siri, na lawalawa hutumika kama sababu.

Usimwambie bibi kwamba hakuna ugonjwa wa namna hiyo. Ameuona kwa macho yake. Ukimbishia, atashika kanga yake, ataondoka, na anakokwenda unakujua. Mimi huongea hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu mtoto ana lawalawa, wananiambia hospitali hamuijui."

"Tunaijua bibi, na dawa yake ninayo hapa. Mpakate nimwangalie vizuri."

Kisha unamwangalia kweli, bibi na mama wote wakiwepo. Mara nyingi utakuta fangasi ya nepi, mabaki ya krimu yaliyoganda, minyoo, au maambukizi ya njia ya mkojo. Fangasi ina krimu ya klotrimazoli. Mkojo wenye maambukizi una antibayotiki. Onyesha kuosha: maji ya uvuguvugu, kitambaa laini cha pamba, kutoka mbele kurudi nyuma, bila sabuni kali, kukausha bila kusugua, nepi ibadilishwe ikilowa tu. Umwachie bibi afanye mwenyewe mbele yako. Mpangie kurudi baada ya siku 7. Siku hiyo bibi akirudi na mtoto amepona, umepata mtu ambaye atasema kisimani na msibani maneno ambayo wewe ukiyasema hayasikiki.

Ukikuta michubuko, damu au jeraha, hayo si mambo ya krimu. Mtunze mtoto, andika ulichokiona, na mhusishe afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia la polisi siku hiyo.

Hatua ya 7: Masikio na macho

Sikio linalotoa usaha chini ya siku 14: amoksilini, na kulikausha kwa utambi wa kitambaa safi mara tatu kwa siku. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni rufaa.

Macho usiyapite. Vikope (trakoma) vimekuwa tatizo la muda mrefu katika mkoa huu, na Kongwa ni mahali ambapo vimechunguzwa na watafiti tangu miaka ya 1980. Uso wenye tongotongo, makamasi na nzi ndio unaoeneza. Mama atakwambia maji ni ya shida, na ni kweli. Onyesha kwamba viganja viwili vya maji vinatosha kuosha uso wa mtoto asubuhi na jioni.

Hatua ya 8: Lishe na damu

Mtoto wa miezi 6 hadi 59 afungwe utepe wa MUAC, wa kupima mzunguko wa mkono, kwenye mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni njano. Halafu bonyeza nyayo zote mbili kwa juu kwa kidole gumba, sekunde 3. Shimo likibaki miguu yote miwili, huo ni utapiamlo mkali hata kama mkono umenona. Mpe chakula dawa umwone akila. Akila vizuri na hana ugonjwa mwingine, anatibiwa akitokea nyumbani, na usimwongezee vidonge vya madini ya chuma, chakula dawa kinayo tayari. Akikataa kula, au ana uvimbe mkubwa au dalili za hatari, ni hospitali.

Kiganja kiangalie kwenye mwanga wa mlangoni, ukikilinganisha na cha mama. Cheupe kabisa ni rufaa. Kilichopauka kiasi: madini ya chuma, dawa ya minyoo kama ametimiza mwaka, mRDT, na arudi baada ya siku 14. Kama amewahi kuvimba vidole vya mikono au huongezewa damu mara kwa mara, fikiria selimundu.

Sasa chakula. Mtaa wowote wa Dodoma una chakula cha mtoto: uwele, mtama, mlenda, ubuyu, kunde, mafuta ya alizeti, yai la kuku wa hapo nje. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku, wa miezi 9 hadi 23 mara 3 au 4, na maziwa ya mama yaendelee hadi miaka 2. Tatizo langu ni ule unga wa lishe wa mahindi, karanga, soya, ngano na vingine vyote vikisagwa pamoja vikakaa miezi mitatu kwenye ndoo. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Mimi sasa nafundisha nafaka moja, uwele au ulezi uliokaushwa juu ya turubai na si juu ya udongo, na karanga zisagwe kidogo kidogo za wiki moja. Kabla ya kusaga, karanga zimwagwe kwenye ungo mchana, mama atoe zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au zilizotobolewa. Hizo zifukiwe, wasipewe hata kuku. Ukipokea watu wawili watatu wa nyumba moja wenye macho ya njano, kutapika na tumbo kuvimba, uliza wamekula mahindi ya wapi, na piga simu wilayani siku hiyo.

Hatua ya 9: Kadi tena

Mtoto mgonjwa asiyehitaji rufaa anachanjwa leo. Soma kadi: BCG (ya kifua kikuu) na polio alipozaliwa, polio, pentavalenti (ya magonjwa matano), ya nimonia na ya kuhara wiki ya 6 na ya 10, wiki ya 14 polio, pentavalenti na nimonia, pamoja na polio ya sindano, surua-rubella miezi 9 na tena miezi 18. Ile ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika, maana mtoto anatembea na mama ameshaona kliniki imekwisha. Vitamini A na dawa ya minyoo hutolewa kila miezi 6, kwa kampeni ya Juni na Desemba, aliyekosa apewe. Angalia pia hali ya VVU ya mama. Aliyezaliwa na mama mwenye VVU apimwe kwa tone la damu kwenye karatasi akifikisha wiki 6, na aanze kotrimoksazoli.

Hatua ya 10: Wa chini ya miezi miwili

Huyu hana mpangilio wa hapo juu. Mchanga huumwa kimya kimya, na anaweza kufariki ndani ya saa chache. Hanyonyi vizuri, degedege, pumzi 60 au zaidi (ukipata hivyo rudia kuhesabu), kifua kinabonyea sana, joto 37.5 na kuendelea au chini ya 35.5, au hajitikisi mpaka aguswe: lolote kati ya hayo ni dozi ya kwanza ya ampisilini na jentamaisini, na hospitali. Usiku wa Juni na Julai Dodoma ni baridi kali, wachanga hupoa njiani. Asafiri ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama, kofia kichwani, kitenge juu yao wote wawili. Kwa mchanga wa hadi siku 28, piga 115, namba ya bure ya m-mama, wakutafutie usafiri. Kitovu kiwe kikavu, na kisipakwe majivu wala kinyesi cha ng'ombe.

Hatua ya 11: Rufaa

Kabla gari halijaondoka: antibayotiki ya sindano dozi ya kwanza, artesuneti kama ni malaria kali, na sukari. Kama anaweza kumeza, anyonye, au apewe mililita 30 hadi 50 za maji ya sukari (vijiko vya chai 4 vilivyosawazishwa kwenye mililita 200 za maji safi). Asiyeweza kumeza apewe kwa mpira wa puani. Barua ya rufaa iandike saa na dozi, siyo jina la dawa tu. Muulize mama ana shilingi ngapi, nani anabaki na wengine nyumbani, na baba anajua au la. Rufaa nyingi zinazoishia nyumbani huishia kwa sababu moja kati ya hizo tatu, na ukizijua mapema unaweza kumpigia baba simu mwenyewe.

Hatua ya 12: Siku ya marudio

Anayerudi nyumbani, mama yake aseme kwa mdomo wake dawa atakazotoa na jinsi atakavyozitoa. Usimwulize "umeelewa?", kila mtu hujibu ndiyo. Mwambie: "Mama Neema, niambie jioni utampaje." Mwambie arudi mara moja mtoto akishindwa kunywa, akizidi, akipata homa, akipumua haraka au akihara damu. Nimonia na homa zinarudi baada ya siku 3.

Mbali na daftari la MTUHA (la takwimu za kituo), nina kaunta buku ndogo: jina, kitongoji, simu, siku ya kurudi. Kila jioni kabla ya kufunga dirisha napitia waliotakiwa kurudi siku hiyo. Jina lisilo na tiki napiga simu, na simu isipopatikana namtumia ujumbe mhudumu wa afya wa kitongoji hicho ili alfajiri, kabla mama hajatoka kwenda shamba, awe amefika mlangoni kwake.